Unataka uso wa Kijapani? Sema kwanza wa zama zipi

Mteja aliniwekea simu mezani, katikati ya brashi na makopo ya poda. "Dada, nataka ya Kijapani, kama hii." Hiyo "hii" zilikuwa picha mbili. Ya kwanza ni maiko wa Kyoto, yaani binti anayefunzwa kazi ya geisha, msanii wa kike wa burudani: uso mweupe kama umemwagiwa sembe, mdomo mwekundu mdogo, macho yameinama. Ya pili ni msichana wa Tokyo, kope za bandia zinakaribia kugusa nyusi, macho makubwa kama ya mwanasesere.

"Mdogo wangu, nikupake ipi?"

"Si zote za Kijapani?"

Ni za Kijapani, sikatai. Lakini ni sawa na mtu akuagize chakula cha Pwani halafu akuoneshe picha ya mkate wa mofa na ya chipsi mayai. Nyuso zile mbili zimetoka kwenye mawazo yanayogombana. Mwaka 1813 kilichapwa Japani kitabu cha urembo kilichokuja kupendwa mno, na ndani yake mwanamke anafundishwa namna ya kuyafanya macho makubwa yaonekane membamba. Leo ukiingia duka la vipodozi Tokyo utakuta rafu ya gundi na tepu ndogondogo za kukunja ngozi ya juu ya jicho ili jicho lizidi kuonekana kubwa. Kilichokuwa kasoro kwa bibi kimekuwa kiu ya kitukuu.

Basi kama wewe ni mpambaji, au unaandaa igizo, au umealikwa kwenye usiku wa tamaduni kama huyu mteja wangu, hapa nimeziweka zama nne kandokando uchague: Heian (794 hadi 1185), Edo (1603 hadi 1868), Meiji mpaka mwisho wa vita (1868 hadi 1945), na baada ya hapo mpaka leo. Zilizobaki katikati nimeziruka kwa makusudi.

Kipimo ninachotumia ni kimoja, nacho nimekitoa kazini: taa. Kosa la kwanza la mwanafunzi wa upambaji ni kumpamba bibi harusi chini ya taa nyeupe ya saluni, kisha akashangaa mtu huyohuyo akionekana wa majivu mbele ya kamera ya ukumbini. Kwa hiyo nikiona picha ya kale najiuliza: huyu alikuwa akitazamwa na nani, na kwa mwanga gani? Ukishajibu hilo, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu yanaacha kuwa ya ajabu.

Heian: uzuri wa nyuma ya pazia

Mji mkuu ulihamia Heian-kyo, ndiyo Kyoto ya leo, mwaka 794. Kabla ya hapo, kule Nara, urembo ulikuwa wa kuazima China. Kwenye hazina ya Shosoin imehifadhiwa skrini ya karne ya 8 yenye wanawake waliosimama chini ya miti: mashavu yamejaa, nyusi nene, kidoto cha rangi katikati ya paji. Mwaka 894 mfalme aliacha kutuma wajumbe China, na urembo nao ukashika njia yake.

Nyumba za wakubwa wa Heian zilikuwa na mapaa yaliyoshuka chini, mapazia ya mianzi, na viunzi vya vitambaa vilivyosimamishwa kati ya mwanamke na mgeni. Mchana wenyewe ndani kulikuwa nusu giza. Usiku taa ilikuwa utambi kwenye mafuta. Mwanamume aliweza kumwandama mwanamke miezi kadhaa bila kumwona uso, na vilivyomfikia ni vitu vya pembeni: upindo wa mikono ya nguo ulioachwa makusudi uchungulie chini ya pazia au nje ya gari la ng'ombe, mwandiko, shairi fupi, harufu. Na nywele. Uzuri ukakaa hukohuko pembeni.

Mikono ya nguo ilionesha tabaka juu ya tabaka, na rangi zake zilipangwa kwa majira ya mwaka. Ukivaa rangi za maua ya plamu wakati plamu zimeshapukutika, umejitangaza kuwa huna adabu ya macho. Nywele ziliachwa zinyooke, nyeusi, mpaka zikauzidi urefu wa mwenyewe. Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Hoshi, mke wa Mfalme Murakami katika karne ya 10: alipopanda gari, mwili ulikuwa garini na ncha ya nywele bado iko kwenye nguzo ya ndani ya nyumba. Kisa hichohicho kinaongeza kwamba pembe za macho yake ziliteremka kidogo, na hilo lilimzidishia haiba. Macho yaliyoteremka! Leo kuna penseli zinauzwa kwa kuyapandisha.

Harufu ndiyo sehemu ambayo mtu wa kwetu haihitaji mkalimani. Walichokiita jinko ni udi wetu huuhuu. Waliusaga pamoja na msandali, karafuu na vingine, wakaukanda kwa asali, wakaufinyanga vidonge vya kuweka juu ya makaa. Nguo ikatandazwa juu ya kitu kama tenga, chetezo chini, moshi upande. Kila mwenye jina alikuwa na mchanganyiko wake, na mtu aliyepita gizani alijulikana kwa pua kabla ya kuonekana. (Karafuu zile zilitoka visiwa vya Maluku; Unguja ilikuwa bado haina hata mche mmoja.)

Sasa uso. Poda nyeupe, nyusi za asili zimeng'olewa na mahali pake, juu kabisa ya paji, zimepakwa alama mbili kama za moshi, na meno yametiwa weusi. Ukiuona uso huo kwenye picha yenye mwanga mkali, utashtuka. Mimi niliujaribu kwa mdogo wangu umeme ulipokatika, mshumaa mmoja chumbani, na kwa mara ya kwanza nikauelewa. Mbele ya weupe wa poda, jino la kawaida linaonekana la njano. Jino jeusi linapotea kabisa, mdomo unabaki umetulia. Nyusi zikihamia juu, sehemu ya katikati ya uso haina tena kinachokunjamana, kwa hiyo hasira haionekani wala mshangao. Uso unakuwa kama mwezi unaoelea.

Wanaume wa kasri nao walipaka poda na kutia weusi meno, jambo ambalo wateja wangu wa kike hupenda sana kulisikia.

Usidhani kila mtu aliridhika. Kuna hadithi ya zama zile ya binti wa nyumba kubwa aliyependa viwavi, akakataa kung'oa nyusi na kutia weusi meno kwa sababu aliona ni kujipa shida. Vijakazi wakamcheka kwamba hata nyusi zake zimefanana na viwavi wake. Hadithi ina karibu miaka elfu na ubishi wake nausikia saluni kila wiki.

Jambo moja la kukumbuka kabla ya kuchagua Heian: tunazungumzia kundi dogo la watu wa kasri. Mkulima wa mpunga hakuwa na nywele za kuburuza.

Edo: uzuri unashuka barabarani

Edo, ndiyo Tokyo ya leo, ilikaribia watu milioni moja katika karne ya 18, na hapo mtazamaji alibadilika. Urembo ulitoka kasri ukaingia mtaani. Waliotazamwa sasa ni mwigizaji wa kabuki, ile tamthilia ya jadi ya Kijapani, mwanamke wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro, na hata binti anayeuza chai. Osen, aliyehudumu kwenye kibanda cha chai karibu na hekalu la Kasamori, alichorwa na Harunobu mwishoni mwa miaka ya 1760 na watu wakawa wanakwenda kunywa chai ili wamwone. Miaka ya 1790 Utamaro akawachora Okita na Ohisa, wasichana wengine wa chai, kwa kuleta uso karibu mpaka ukajaza karatasi. Picha hizo zilichapwa kwa mbao na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Serikali ilipopiga marufuku kuandika majina ya wanawake wa mtaani kwenye picha, Utamaro akaweka mafumbo ya vijipicha pembeni, msomaji ajisomee jina mwenyewe.

Rangi za uso zilikuwa tatu: nyeupe, nyekundu, nyeusi. Ila hapa weusi ulisema jambo jipya. Mwanamke alitia weusi meno alipoolewa, akanyoa nyusi alipopata mtoto. Uso ulisomeka kama kitambulisho, hata kwa mpita njia. Dawa ya meno hayo ilitengenezwa nyumbani kwa vipande vya chuma chakavu vilivyoloweshwa kwenye siki au chai, vikaachwa vichachuke mpaka vinuke. Ilipakwa kwa zamu pamoja na unga mkali wa uvimbe unaoota kwenye majani ya mti. Harufu haikuwa ya kufurahisha. Utando uliobaki, hata hivyo, ulisaidia kuzuia meno kuoza.

Ndani ya Edo yenyewe kuna chaguo la pili ambalo wengi hawalijui, nalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: Kyoto na Osaka dhidi ya Edo mjini. Wanawake wa Kyoto na Osaka walipaka poda nzito, wakapenda rangi za kung'aa na mapambo mengi. Wa Edo wakapunguza. Neno lao lilikuwa iki: kujipamba kama hukujipamba, kuwa na mvuto bila kuuomba. Geisha wa mtaa wa Fukagawa, humohumo Edo, walisifika kwa kuvaa koti la haori, ambalo lilikuwa vazi la kiume, uso umepakwa kidogo tu, na miguu haina soksi hata kwenye baridi ya Januari. Serikali ikikataza anasa, watu wa Edo walivaa kijivu, kahawia na bluu iliyokolea kwa nje, hariri ya bei wakaificha kwenye bitana. Walikuwa na majina mengi mno ya kahawia na kijivu hata ikawa msemo: kahawia arobaini na nane, kijivu mia. Ukipenda mtu anayevaa dhahabu nyingi, hamia Kyoto. Ukipenda yule ambaye unatambua ubora wa nguo yake akishavua koti, baki Edo.

Na sasa mdomo. Rangi nyekundu, beni, ilitoka kwenye ua la njano lenye miiba lililolimwa sana Mogami, katika mkoa wa Yamagata wa leo. Walilichuma alfajiri, umande ukiwa bado umeilainisha miiba. Sehemu kubwa ya rangi ya ua ni njano na inaoshwa yote. Nyekundu inayobaki ni chembe. Ndiyo maana walisema beni ina uzito wa dhahabu, wakimaanisha bei. Ikipakwa tabaka nyingi inafanya ajabu: ikikauka inageuka kijani chenye mng'ao kama mgongo wa mdudu. Miaka ya 1804 hadi 1830 hivi, huo mdomo wa chini wa kijani ndio uliokuwa mjini. Ulitangaza kwamba una hela za kuipoteza beni. Asiyekuwa nazo alipaka kwanza wino mweusi kwenye mdomo, kisha beni kidogo juu yake, na kijani kikatokea vilevile. Namheshimu sana mwanamke wa kwanza aliyegundua hilo.

Mimi nina kikombe kimoja cha beni, kidogo kama cha kahawa ya pwani, dada yangu aliniletea kutoka Kyoto. Ndani kimepakwa utando wa kijani mkavu. Unaweza kuapa si rangi ya mdomo. Unalowesha brashi kwa tone la maji, unagusa, na pale ulipogusa kijani kinafunguka kuwa nyekundu kama jeraha. Wateja hunizunguka kila nikifanya hivyo.

Bei ya weupe

Hapa nasimama, kwa sababu mtu anaweza kuchagua zama akachagua na sumu yake. Poda nyeupe ya Edo ilikuwa ya aina mbili kuu: moja ya madini ya risasi, nyingine ya zebaki. Ya risasi ililala vizuri kwenye ngozi, ikapendwa zaidi. Waigizaji walijipaka tangu utotoni, uso, shingo, mikono. Aprili 1887 kabuki ilichezwa mbele ya Mfalme Meiji, nyumbani kwa waziri Inoue Kaoru, na mwigizaji Nakamura Fukusuke wa Nne akasimama jukwaani huku mguu ukitetemeka bila kukoma. Ilikuwa risasi ya poda. Tukio lile liliwashtua watu, poda zisizo na risasi zikaanza kutafutwa na kuuzwa, lakini ya zamani haikuondoka sokoni, kwani wapakaji walisema mpya hazishiki. Mwaka 1923 daktari wa watoto Hirai Ikutaro wa Kyoto alionesha kwamba ugonjwa wa ubongo uliokuwa ukiwaua wachanga, ambao watu waliudhani homa ya uti wa mgongo, chanzo chake kilikuwa risasi ya poda ya mama zao. Utengenezaji wake ulikomeshwa miaka ya 1930 tu.

Kwa hiyo mteja akiniambia "nataka ile ya asili kabisa", namjibu hapana. Anayejua mkorogo umewafanya nini watu wa mtaani kwetu hahitaji maelezo marefu.

Meiji mpaka vita: kamera na balbu

Serikali mpya ya 1868 iliwaambia wakubwa wa kasri waache kutia weusi meno na kuchora nyusi. Wanawake hawakutikisika mpaka Machi 1873, Malkia alipoonekana na meno meupe na nyusi zake mwenyewe. Hapo mji ukafuata, ingawa vijijini bibi vizee waliendelea na chuma chao kwa miongo mingine kadhaa. Sababu ilikuwa macho mapya: wageni wa Ulaya na Marekani waliyaona meno meusi na kuchukizwa, na serikali iliyotaka kuheshimiwa ikayaona kwa macho yao. Miaka elfu nyuma Japani iliazima mashavu ya China. Sasa iliazima tabasamu la Ulaya.

Ukitaka kujua nani alibadilishwa na nani aliamriwa, angalia nywele. Mwaka 1871 wanaume waliruhusiwa kukata vishungi vyao. Mwaka uliofuata wanawake wa Tokyo waliokata zao wakawekewa katazo. Ikabidi wasubiri 1885, daktari mmoja na mwandishi wa habari walipoanzisha chama cha kuhimiza mtindo mwepesi wa kukusanya nywele kichwani, kwa hoja kwamba ile mitindo ya zamani yenye mafuta mazito na mto wa mbao wa kulalia inasumbua, haina usafi na inakula pesa. Hoja tatu, zote za kweli.

Kamera ndiyo iliyomaliza kazi. Mwaka 1891, kwenye mnara wa ghorofa 12 wa mtaa wa Asakusa, Tokyo, zilitundikwa picha za geisha mia moja ili wageni wapige kura. Lifti ya mnara ilikuwa imesimamishwa, hivyo picha zikawa za kuwafanya watu wapande ngazi bila kunung'unika. Mwaka 1908 gazeti la Jiji Shinpo lilitangaza mshindi wa shindano la picha kwa wasichana wasio wa kazi ya burudani: Suehiro Hiroko, mwanafunzi wa miaka 16, ambaye picha yake ilipelekwa na shemeji bila yeye kujua. Shule yake ikamlazimisha kuondoka. Kutazamwa na nchi nzima kulikuwa bado ni aibu kwa binti wa watu.

Poda nayo ikabadilika. Chini ya balbu ya umeme na mbele ya kamera, weupe mtupu unaonekana kama kinyago. Mwaka 1917 kampuni ya vipodozi ya Shiseido, iliyoanza kama duka la dawa mtaa wa Ginza, Tokyo, mwaka 1872, ilitoa poda za rangi saba, mtu achague inayoelekeana na ngozi na nguo yake. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa kuliko meno ya Malkia, maana hapo mwanamke aliambiwa waziwazi kwamba kuna ngozi zaidi ya moja. Baada ya tetemeko la ardhi lililoipiga Tokyo mwaka 1923 wakaja wasichana wa kisasa wa Ginza, nywele zimekatwa usawa wa kidevu, gauni fupi. Vita ikaja, kutia nywele mawimbi kukakemewa kama anasa, na urembo ukakaa kimya.

Baada ya vita, kwa haraka

Mwaka 1953 Ito Kinuko alishika nafasi ya tatu Miss Universe, na nchi nzima ikaanza kupima urefu wa mwili kwa vichwa: mrembo awe na vichwa vinane. Mwaka 1959 Kojima Akiko akatwaa taji lenyewe. Mwaka 1966 tangazo la Shiseido lilimwonesha Maeda Bibari ameungua kwa jua la ufukweni, na ngozi ya kahawia ikawa ya kiangazi. Kisha, miaka ya 1970, Yamaguchi Sayoko akapanda majukwaa ya Paris na nywele nyeusi zilizonyooka kama upanga na macho marefu membamba yaliyokolezwa wanja. Heian ilirudi kupitia Ufaransa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wasichana wa mtaa wa Shibuya, Tokyo, walijichoma ngozi mpaka kahawia iliyokolea, wakapaka midomo na kuzunguka macho rangi nyeupe. Watu wazima waliudhika, na nadhani hilo ndilo lililokusudiwa. Wakati huohuo upande wa pili wa barabara kulivuma bihaku, weupe unaotafutwa kwa krimu. Mwaka 2013 kampuni moja kubwa iliondoa sokoni bidhaa zake za aina hiyo baada ya maelfu ya wateja kupata mabaka. Mwaka 2021 kampuni ya Kao ikatangaza kuacha kulitumia neno bihaku. Mwaka 2015 Miyamoto Ariana, mzaliwa wa Sasebo ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi, alichaguliwa Miss Universe Japani, na mjadala uliofuata ulifichua kwamba swali la nani mrembo limefungamana na swali la nani Mjapani.

Macho je? Vibanda vya picha za kubandika vilianza 1995, na baadaye vikajifunza kuyakuza macho vyenyewe. Mtu akishazoea uso wake wa kibanda, ule wa kioo unakuwa na upungufu.

| | Heian | Edo | Meiji–1945 | Leo |
|---|---|---|---|---|
| Mwanga | utambi | mchana, mshumaa wa jukwaa | balbu, kamera | simu |
| Ngozi | nyeupe | nyeupe, nzito au nyepesi | inayofuata ngozi | yenye unyevu, inang'aa |
| Nyusi | zimehamia pajini | hadhi ndiyo inaamua | za asili | zinabadilika kila miaka michache |
| Meno | meusi | meusi kwa walioolewa | meupe | meupe |
| Macho | mistari | membamba, yameinama | yanaanza kukua | makubwa |
| Nywele | za kuburuza | zimejengwa kwa mafuta | kukusanywa, kisha kukatwa | upendavyo |

Uchague ipi

Ikiwa shughuli ni ya usiku, taa za chini, watu wamekaa mikekani, chukua Heian, lakini acha uso wake. Chukua udi, rangi za nguo zilizopangwa kwa tabaka, nywele zilizoachwa. Hivyo ndivyo walivyovitegemea wenyewe, na havidai ngozi ya aina yoyote.

Ikiwa utapigwa picha za karibu, Edo. Kwa ngozi nyeusi sipaki poda nyeupe kabisa. Kazi ya weupe ule ilikuwa kuupa mdomo jukwaa, na ngozi yetu inaubeba mdomo mwekundu bila msaada. Usisahau kisogo. Maiko mpaka leo huacha vipande vya ngozi bila poda nyuma ya shingo, ncha mbili siku za kawaida, tatu siku kubwa, kwa sababu kimono kimeachia hapo. Bibi harusi aliyepandisha nywele ana kisogo kilekile, na wapambaji wengi hukisahau kabisa.

Kwa kazini na kila siku, nafasi ni ya Meiji mpaka vita: poda ya rangi yako, nywele zimekusanywa, dakika kumi. Haina mbwembwe, na ndiyo ninayoivaa mimi. Kwa video ya simu, chukua ya leo, ila kumbuka kope zile zimepimwa kwa kamera. Ana kwa ana zinaonekana kama fagio.

Mteja wangu alisikiliza yote hayo, akachagua Edo ya wasio na hela: wino mweusi chini, beni kidogo kutoka kwenye kikombe changu juu, shingo wazi, koti la kijivu lenye bitana ya njano. Alitoka anameremeta. Saa nne usiku akanitumia ujumbe. "Dada, kijani kimetokea, kizuri kweli. Lakini watu watatu wameniuliza kama nimegonga mdomo."